Maziwa kwenye losheni: jibu kwa dada wa Mikindani

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mjasiriamali wa Mikindani, hapa Mtwara. Natengeneza losheni na mafuta ya mgando nyumbani kwa maziwa ya mbuzi, tui la nazi, shea, mafuta ya ufuta na nta ya nyuki. Wateja wanayapenda kwa sababu yanalainisha ngozi. Shida ni kwamba baada ya siku kumi hivi losheni inajitenga na kunuka uchachu, na wiki iliyopita nimekuta madoa meusi chini ya kifuniko. Rafiki yangu wa Masasi anasema nichemshe maziwa vizuri na kutia vidonge vya vitamini E, hayataharibika. Nina oda ya makopo 30 ya harusi mwezi ujao. Nifanyeje ili maziwa yabaki na losheni isiharibike?"

Marahaba, mwanangu. Kabla sijafika kwenye maziwa nakuomba kwanza hili: makopo ya losheni uliyobaki nayo usiuze hata moja, hata lile linaloonekana zima. Uliowauzia karibuni wapigie simu, waambie waache kupaka, uwarudishie pesa yao au uwaahidi kopo jingine. Najua inauma, kwa sababu shea na nta hazipatikani bure. Lakini ukungu unaouona chini ya kifuniko ni ule uliokwisha komaa. Nyuzi zake zimeshapenya ndani, kwa hiyo kukwangua juu na kuuza kilichobaki hakusaidii. Na ukungu angalau unajitangaza. Bakteria hawajitangazi. Losheni inaweza kuwa nyeupe, laini, inanukia karafuu, na ndani wamo kwa mamilioni.

Sasa tuangalie kopo lako lilivyokuwa. Maziwa, ya ng'ombe au ya mbuzi, katika kila gramu 100 karibu 87 ni maji. Zinazobaki ni sukari ya maziwa, protini na mafuta. Ukimwambia mtu wa maabara akuandalie uji wa kukuzia bakteria, atatafuta vitu hivyohivyo: maji, sukari, protini. Tui la nazi nalo ni maji, mafuta, sukari kidogo na protini. Joto la hapa kwetu ni nyuzi 28, 30, wakati wa Desemba na Januari linazidi, na unyevu hewani hauishi. Bakteria wengine wakipata joto na chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akigawanyika hivyo kwa saa nane tu, wanafika zaidi ya milioni 16. Wewe losheni yako inakaa siku kumi.

Fanya jaribio hili jikoni kwako, ndilo ninalowafanyisha kina mama ninaowafundisha. Kamua tui bichi, ligawe kwenye glasi mbili. Moja ichemshe, nyingine iache hivyohivyo. Zifunike, ziache mezani usiku kucha. Asubuhi ile mbichi itakuwa imejitenga, maji chini na uzito juu, harufu ya uchachu. Ile iliyochemshwa itakuwa na nafuu kidogo. Iache hadi jioni, kisha inuse. Hapo rafiki yako wa Masasi atakuwa amepata jibu lake.

Kuchemsha kunaua bakteria wengi, na ni lazima kwa maziwa ya mifugo. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi, na ugonjwa huo hauingii kwa kunywa peke yake. Huingia hata kwenye ngozi yenye michubuko. Kwa hiyo hata kuyashika mabichi kwa mikono iliyopasuka si salama. Ila kuna bakteria wanaojifunika kwa ganda gumu, wakavumilia maji yanayotokota, halafu maziwa yakipoa wanaamka. Na hata kama ungeua wote, wengine wanaingia upya: kwenye mwiko, kwenye kopo, na zaidi ya yote kwenye kidole cha mteja anayechota akitoka kuoga.

Kuhusu vitamini E, hapa wengi wamepotoshwa, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Mafuta yana adui wake na maji yana adui wake. Adui wa mafuta ni hewa: mafuta yakikutana na oksijeni kwa muda mrefu yanavunda, yananuka kama kikaango cha jana. Vitamini E inachelewesha hilo. Adui wa maji ni viumbe hai: bakteria, hamira na ukungu. Hao vitamini E haiwagusi kabisa. Mafuta ya mwarobaini, karafuu, mchaichai, asali, hata rozimari, kwa kiasi ambacho ngozi itavumilia, havitoshi kulinda kopo lenye maziwa. Ukizidisha karafuu ili iue bakteria, itaunguza ngozi ya mteja kwanza. Mimi huwa sivuki nusu gramu ya mafuta ya karafuu katika gramu 100, na kwa uso sitii kabisa.

Nikueleze kwa nini nasisitiza hivi. Miaka mingi nyuma, kabla sijalijua hili vizuri, nilitengeneza krimu ya tui na shea, nikampa jirani yangu kopo la kujaribu. Alikuwa ametoka kunyoa miguu kwa wembe, akapaka. Siku ya tatu alinifuata nyumbani, akaketi barazani, akapandisha gauni hadi gotini bila kusema neno. Kila kishimo cha nywele kilikuwa na kichwa cha usaha. Alimeza antibayotiki wiki nzima. Krimu yenyewe niliifungua mbele yake: haikuwa na doa wala harufu mbaya. Tangu siku hiyo siamini macho wala pua yangu kwenye kitu chenye maji.

Utaniuliza, mbona bibi zetu walipaka maziwa, tui na liwa, wasiugue? Walipaka, na ngozi zao tuliziona. Lakini angalia walivyofanya. Liwa ilisuguliwa kwenye jiwe siku hiyohiyo, kwa maji kidogo, ikapakwa, ikaisha. Singo ya bi harusi hukaa ikiwa unga mkavu, na marashi hutiwa wakati kungwi anaanza kusinga. Tui la kupaka nywele lilikamuliwa asubuhi, mchana limekwisha. Hakuna aliyelitia kwenye kopo akaliweka rafuni siku kumi, au akampa dereva wa basi alipeleke Newala. Maziwa hayana kosa. Kosa linaanza pale tunapoyataka yakae.

Kwa hiyo jibu la swali lako, nifanyeje maziwa yabaki na losheni isiharibike, kwa mtu anayetengeneza jikoni na kuuza, ni hili: maziwa ya maji na tui viondoe kwenye losheni. Hata ukinunua kihifadhi kizuri, yaani dawa ya kuzuia bakteria na ukungu wasiote, protini na mafuta ya maziwa hukishika kihifadhi kikapungua nguvu, na hutajua kimebaki kiasi gani. Viwanda vinavyoandika neno maziwa kwenye chupa mara nyingi hutumia protini ya maziwa iliyochakatwa, kwa kiasi kidogo, na losheni hiyo hupelekwa maabara ikapandwa bakteria na ukungu kwa makusudi na kufuatiliwa siku 28 kuona kama kihifadhi kinawashinda. Wewe na mimi jikoni hatuna kipimo hicho. Na friji si dawa ya kuuzia. Losheni ya maziwa isiyo na kihifadhi, ya kwako mwenyewe, kwenye friji baridi hasa, ni siku tatu, nne, basi mwaga. Ya mteja huwezi kuilinda. Umeme ukikatika mchana mmoja hesabu imeharibika.

Sasa nikupe unachoweza kuuza.

Cha kwanza ni mafuta ya mgando yasiyo na maji kabisa, ile wanayoiita siagi ya mwili. Pasipo maji bakteria hawaoti. Kwa gramu 200: shea gramu 90, siagi ya kakao 40, mafuta ya ufuta 40, mafuta ya nazi 18, nta ya nyuki 12, na vitamini E gramu 1 juu yake (hapa ndipo mahali pake, kulinda mafuta). Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, usipime kwa vijiko. Nta na kakao nimeziweka kwa sababu ya joto letu. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 tu, ndiyo maana Mtwara tunayaona ni maji karibu mwaka mzima. Shea nayo inalegea kabla ya nyuzi 35. Ukifuata kipimo cha watu wa nchi za baridi, kopo lako litafika Nanyumbu likiwa supu. Nta haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 60, ndiyo inayosimamisha mengine. Kama bado yanalegea, ongeza nta gramu 2 au 3, upunguze ufuta kiasi hichohicho.

Yeyusha nta na kakao kwanza, bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha shea, mwisho mafuta. Halafu poza haraka: kalisha bakuli kwenye beseni la barafu na ukoroge mfululizo. Ukiliacha lipoe polepole lenyewe, shea inafanya chembechembe kama sembe; haina madhara, lakini mteja atadhani imeharibika. Angalia tone la barafu lisirukie ndani. Vyombo, mwiko na makopo viwe vikavu kabisa. Nikisema vikavu sisemi vimefutwa kwa kanga, nasema vimeoshwa, vimefutwa kwa spiriti ya asilimia 70, vimeachwa vikauke vyenyewe. Na kwenye lebo andika: chota kwa mkono mkavu, usiweke bafuni.

Wengine hutia maziwa ya unga kwenye siagi hii ili waandike maziwa. Hayayeyuki kwenye mafuta, yanabaki kama mchanga, na unga huo unavuta unyevu. Siku kidole chenye maji kikiingia, umeshamwekea bakteria chakula tayari. Mimi sitii.

Cha pili ni losheni yenyewe, na hapa utafurahi. Ule weupe na ule utelezi unaoupenda kwenye maziwa hautokani na kitu cha siri. Maziwa ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika kwenye maji, na losheni ni hivyohivyo. Kwa gramu 500: maji gramu 365, glisirini 20, mafuta ya ufuta 60, shea 25, nta ya kuunganisha maji na mafuta 25, kihifadhi 5. Nta hiyo si ya nyuki. Nta ya nyuki peke yake haiwezi kushikanisha maji na mafuta, na hiyo ni sababu moja ya losheni yako kujitenga hata kabla ya kuchacha. Kwenye maduka ya malighafi za vipodozi Dar es Salaam ulizia "imalsifaingi waksi", watakuelewa.

Maji yawe yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa kazi za maabara na dawa. Ukikosa, ya kunywa ya chupa, uyachemshe. Maji ya betri ya vituo vya mafuta usiguse: hayakutengenezwa kwa ajili ya ngozi, na kwenye rafu zilezile huuzwa asidi ya betri, chupa zinafanana. Maji na glisirini weka sufuria moja. Ufuta, shea na nta sufuria nyingine. Zote zifike nyuzi 70 hadi 75 na zikae hapo dakika 20. Maji yaliyopungua kwa mvuke pima uyarudishe. Mimina mafuta kwenye maji, tumia blenda ya mkono dakika mbili tatu, pumzisha, rudia. Utaona yanageuka meupe pepe kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, bila tone la maziwa. Yatakuwa mepesi, usiongeze nta, yatazidi kuwa mazito yakipoa.

Yakishuka chini ya nyuzi 40 ndipo utie kihifadhi. Kinachonifaa mimi ni fenoksiethanoli iliyochanganywa na ethilheksiligliserini, gramu 1 katika kila 100 za losheni, wala usizidishe ukidhani ndiyo usalama zaidi. Chagua kinachoua bakteria, hamira na ukungu kwa pamoja, na soma maelezo ya muuzaji kuhusu kiasi na joto. Sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti, ambazo wengi wenu mnazo kwa sababu hutumika kwenye juisi, zinafanya kazi losheni ikiwa na uchachu kidogo tu, pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka uchachu unazidi) ya 5 au chini. Juu ya hapo umetia chumvi ya bure. Nunua karatasi za kupimia pH. Losheni yako iwe kati ya 5 na 5.5 kwa kihifadhi cha kwanza, na kama iko juu, ishushe kwa tone moja moja la asidi laktiki iliyochanganywa na maji. Ni asidi ileile inayofanya maziwa yawe mtindi. Kama ulitaka kitu cha maziwa ndani ya chupa, hicho ndicho ninachokiruhusu.

Jaza kwenye chupa za kubonyeza au za pampu, achana na makopo ya mdomo mpana kwa losheni. Kila unapopika andika namba na tarehe, na bakiza chupa moja ya mpiko huo nyumbani kwako, kwenye joto la kawaida, uitazame kwa miezi mitatu. Ikijitenga, ikibadilika rangi, ujue kabla mteja hajakupigia.

Maziwa yenyewe usiyatupe, yana pake. Kwenye sabuni ya kipande yanakaa vizuri, kwa kuwa kostiki soda inayageuza na sabuni ikishakomaa ni kavu na ina pH ya juu, 9 hadi 10, ambayo bakteria hawaipendi. Yagandishe kwanza yawe barafu, la sivyo kostiki itaunguza sukari yake, yatakuwa rangi ya chungwa na kunuka. Miwani, glavu, dirisha wazi, watoto mbali. Hilo ni somo la siku nyingine. Unga wa maziwa mkavu ndani ya pakiti ndogo ya kutumia mara moja, wa kumimina kwenye beseni la kuogea, nao unauzika. Bi harusi anaupenda. Na kwa saluni, maziwa yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili na unga wa liwa, paka, acha dakika kumi, suuza, kilichobaki mwaga palepale.

Lakini uliza kila mtu kwanza kama maziwa, karanga, korosho au ufuta humdhuru. Mzio hauhitaji mtu ale. Ngozi yenye ukurutu inaruhusu protini ipite. Watoto wachanga usiwapake kitu chenye maziwa. Na kwa kuwa tuko kwenye mkoa wa korosho, nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kuhusu yale mafuta meusi ya ganda, kwamba yanaondoa magaga. Waliobangua korosho wanajua yanavyobabua vidole. Yasikaribie kopo lako.

Ukishatulia na kipimo kimoja kisichobadilika, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Mtwara mjini ukaulize utaratibu, na TBS, shirika la viwango, ambao ndio wanaosimamia vipodozi tangu mwaka 2019 kazi hiyo ilipoondolewa kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Losheni yenye maji wapelekee sampuli kabla hujaitangaza Facebook. Mteja yeyote akitokwa na vipele vya usaha au homa baada ya kupaka, aende hospitali na kopo mkononi, si na maelezo ya mdomo.

Kwa harusi ya mwezi ujao usijaribu losheni. Muda hautoshi kuitazama. Waambie wenyeji umebadilisha, wape siagi ya mwili isiyo na maji, gramu 100 kila kopo. Makopo 30 ni kilo tatu, yaani kipimo changu mara 15: shea kilo 1.35, kakao gramu 600, ufuta 600, nazi 270, nta 180, vitamini E 15. Ongeza kidogo kwa ajili ya kinachobaki kwenye bakuli. Pika kopo moja la majaribio wiki hii, liache kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana siku tatu, na ukiona linasimama, agiza vitu vyako. Makopo ya zamani, yakiwa ya kioo, yaoshe kwa sabuni, yachemshe dakika 15, yakauke. Vifuniko vyake nunua vipya. Ule ukungu umejificha kwenye mzingo wa kifuniko, na hapo brashi haifiki.